Kwenda Guelma Kuomba Radhi

Mesaud alimnunua kondoo siku ya Jumanne, akampandisha ngazi za ghorofa nne kwa kumsukuma matakoni, akamfunga juu ya paa palipoanikwa nguo za jengo zima. Kabla ya alasiri habari zilikuwa zimeenea. Katika mji mkongwe wa Annaba mtu hanunui kondoo hivi hivi. Sikukuu ya kuchinja ilikuwa bado miezi minne, na nyumbani kwa Mesaud hapakuwa na mtoto mchanga wa kufanyiwa karamu. Basi wanawake wakapima, wakaamua kwamba binti yake, Rofaida, kapata mchumba.

"Afadhali," alisema jirani wa ghorofa ya chini pale ngazini, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. "Aolewe upesi kabla hawajamvunja pua."

Zulekha, mama yake Rofaida, alikuwa anapita na mfuko wa unga begani. "Pua ya binti yangu iko salama," alisema bila kusimama. "Chunga hiyo yako inayoingia milango ya watu."

Alipofika ndani alifunga mlango, akautua unga, akakaa juu ya godoro na kulia. Alilia kwa sababu angependa sana iwe kweli ni harusi. Kondoo yule alikuwa wa kupelekwa mji wa Guelma, kwenye nyumba ya watu wasiowajua, yenye msiba wa msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Ibtisam, aliyezikwa wiki tatu zilizopita. Mtu wa mwisho kumpiga ngumi alikuwa Rofaida.

*

Walikutana mjini Skikda, nusu fainali ya ndondi za vijana wa mashariki mwa nchi, kilo hamsini na nne. Raundi mbili za kwanza Ibtisam aliongoza. Alikuwa mwepesi wa miguu, na pua yake iliyowahi kuvunjika ilitoa mluzi mdogo kila alipovuta pumzi, kiasi kwamba Rofaida aliweza kumjua alipo hata bila kumtazama. Katika raundi ya tatu Rofaida alimpata kwa mkono wa kulia, juu ya sikio, pale kofia ya kinga inapokuwa nene. Mwamuzi alihesabu mpaka nane, akamtazama Ibtisam machoni, akaruhusu waendelee. Rofaida alishinda kwa pointi. Walikumbatiana, Ibtisam akatema kinga ya meno kiganjani na kusema, "Mwakani nakulipa." Alisema huku anacheka. Akapanda basi kurudi kwao, na siku ya sita akafa.

Hakuna aliyemlaumu Rofaida, na hilo ndilo lililomwelemea. Wakubwa wa mchezo waliandika barua ya mistari minne kwamba kila utaratibu ulifuatwa. Kocha wake, Salah, ambaye vijana walimwita Ami, baba mdogo, alipigiwa simu na kocha wa Guelma, akakaa na habari ile siku mbili. Siku alipomwambia Rofaida, alimkabidhi kwanza chupa ya maji, kama vile ndiyo kwanza ametoka ulingoni.

Tangu hapo mluzi ule ulimfuata. Aliusikia akiruka kamba. Aliusikia asubuhi jikoni, mama yake akigusisha donge la unga kwenye bati la moto na kulinyanyua, anabandua manda moja baada ya nyingine za kuuza sokoni. Ulikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, pumzi ya mtu aliyechoka lakini hataki kuketi. Siku za mwanzo aligeuka kutazama. Baadaye aliacha, kwa sababu kugeuka na kukuta hakuna mtu kulimtisha kuliko mluzi wenyewe. Zulekha alimwona akisita hivyo, na sinia la manda mikononi, na hakuuliza. Alisoma Ayatul Kursiyu kimoyomoyo na kuongeza moto.

Kwenye ukumbi wa mazoezi mkono wake wa kulia uligoma. Wa kushoto ulifanya kazi kama kawaida, lakini zamu ya kulia ikifika, ngumi ilikwenda nusu ya njia na kusimama.

"Mkono huo umefanya nini?" Ami Salah aliuliza.

"Haujafanya kitu."

"Ndicho ninachouliza."

Fainali za taifa zilikuwa Algiers, siku kumi na mbili mbele. Klabu moja ya mji mkuu ilikuwa imeahidi kumchukua akishinda, imlaze, imlishe, impe na mshahara. Rofaida alianza ndondi akiwa na miaka kumi na mmoja, akipiga magodoro ya sufu ambayo baba yake alishona na watu hawakuja kuyachukua kwa sababu siku hizi kila mtu anataka la sponji. Miaka saba alitukanwa ngazini, akala nusu sahani ili apite kwenye mizani, akarudi nyumbani na jicho lililovimba na kusema ameridhika. Yote hayo yalikuwa ya kumfikisha Algiers.

"Niondoe jina, Ami."

"Sikuondoi. Nitawaambia nini watu? Kwamba bondia wangu bora amepigwa na maiti?"

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Rofaida alianza kufungua bendeji mkononi, taratibu, akaikunja vizuri kama ilivyotakiwa kukunjwa.

"Sipandi ulingoni mpaka wao wanisamehe," alisema. "Wakinisamehe, nitapigana na yeyote."

*

Jumatano Ami Salah alikwenda nyumbani kwa Mesaud kuizuia safari. Alimkuta fundi huyo wa magodoro amekaa sakafuni anachambua sufu, Zulekha yuko jikoni na mlango uko wazi ili asipitwe na neno.

"Yule kocha wa Guelma aliniambia maneno mawili tu," Salah alisema. "Familia haitaki kelele. Usiende, Mesaud."

"Kuomba radhi ndiyo kelele?"

"Sijui. Alisema hivyo akakata simu."

"Mtu akimgonga mtoto wa watu kwa gari anafanya nini?" Mesaud aliuliza. "Hata kama mtoto ndiye aliyekurupuka barabarani. Anachukua mzee wa kumsemea, anachukua kondoo, anakwenda. Anakaa mbele yao na kusema, mtoto wenu kafia mkononi mwangu, nisameheni kwa ajili ya Mungu. Marehemu baba alifanya hivyo na lori lake. Na mimi nitafanya."

"Lile lilikuwa lori. Huu ni mchezo, una mwamuzi na daktari."

"Kamwambie hivyo mama wa marehemu."

Zulekha akatoa kichwa jikoni. "Na wakikataa?"

"Hawakatai. Wakileta kahawa hatuigusi mpaka watujibu. Nani atamwacha mgeni wake akae na kahawa inapoa?"

"Wewe una moyo wa chuma," Salah alisema.

"Nina binti asiyelala."

Mesaud alikuwa mtu mwema, wa aina ile inayowachosha wenzao. Aliamini kwamba jambo la kweli likisemwa wazi mbele ya wazee haliwezi kumdhuru mtu. Hakuwaza hata dakika moja kwamba kweli yake yeye inaweza kuwa siri ya mtu mwingine. Kwa kupitia Sheikh Tayeb, mzee wa msikiti wa mtaani, alikuwa ameshatuma salamu kwamba watu wa Annaba watafika Alhamisi kuhani msiba. Zaidi ya hapo hakusema, kwa kuwa maneno ya namna ile hayapelekwi kwa simu.

*

Gari lilikuwa la kuazima, kigari cha muuza kuku, na harufu ya kuku ilikuwa imezama mpaka kwenye viti. Mesaud aliendesha akiwa amevaa joho lake la sufu la siku kubwa. Sheikh Tayeb alikaa mbele kwa ajili ya goti lake. Zulekha na Rofaida walikaa nyuma juu ya gunia, pamoja na kondoo, na njia nzima Zulekha alikuwa akichomoa manyoya kwenye mtandio wake na kuyatupa dirishani.

Kwenye kizuizi cha barabarani polisi alichungulia ndani. "Mnakwenda harusini?"

"Msibani," Mesaud alijibu.

Polisi aliwatazama wale wanawake waliokaa na mnyama, akataka kucheka, akajizuia, akawapungia wapite. Zulekha aliinamisha uso. Rofaida hakuona lolote. Alikuwa anarudia maneno yake kimya kimya: mimi ndiye niliyepigana naye, sikukusudia, naomba mnisamehe, na mimi nitamwombea maisha yangu yote. Aliyapanga na kuyapangua, na kila alipofika kwenye neno msamaha mluzi ulikatika kidogo, ukaanza tena.

Lakhdar, baba yake Ibtisam, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mrefu, uso umeiva kwa jua la jangwani, na alionekana kama mtu aliyepewa mwili wa mtu mwingine auvae. Alimkumbatia Mesaud, kisha akamchomoa unyoya wa kuku begani, kwa upole, akautia mfukoni mwake ili mgeni asiaibike. Mesaud aliaibika vile vile.

"Mmejisumbua, watu wa Annaba," alisema. "Na kondoo juu. Mungu awalipe. Karibuni."

Wanaume walipitishwa chumba cha upande wa kulia, wanawake cha kushoto. Wassila, mama wa marehemu, alitoka kuwapokea akiwa amevaa nyeupe ya msiba. Alimbusu Zulekha mara nne, akashukuru, akamgeukia binti. Hapo mikono yake ilisimama hewani. Kisha akamshika Rofaida kifundo cha mkono.

"Huyu atanisaidia sinia," alimwambia Zulekha. "Wewe pumzika, dada yangu."

Jikoni alifunga mlango na kuuegemea.

"Nilikuwa Skikda," alisema. "Safu ya tatu. Mwanamke peke yangu katikati ya wavulana wanatema maganda ya alizeti."

"Mama, sisi tumekuja—"

"Najua mmekuja kufanya nini. Nimemwona kondoo, nimekuona na wewe. Sasa nisikilize, hatuna muda. Baba yake hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui ngumi. Hajui ukumbi, hajui Skikda, hajui lolote. Yeye wiki nne yuko jangwani kwenye visima vya mafuta, wiki nne yuko hapa. Akiondoka, Ibtisam alikwenda mazoezini. Akirudi, Ibtisam alikuwa na mitihani. Miaka mitatu. Ile karatasi ya ruhusa ya mzazi, saini ni yangu. Nilijifunza kuiandika saini yake juu ya mfuko wa sukari."

Rofaida aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nimemwambia aliteleza kwenye bafu la hamamu, akagonga kichwa," Wassila aliendelea. "Yeye alifika kaburi limeshafukiwa. Kila siku ananishukuru kwa kumuuguza peke yangu. Unasikia? Ananishukuru. Akiambiwa leo, tena mbele ya sheikh, atajua ni mimi niliyempeleka. Nina watoto wawili wengine wadogo. Magharibi haitanikuta ndani ya nyumba hii."

"Nilikuja ili nisamehewe," Rofaida alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto, naye aliisikia, akaona haya. "Basi nisamehe wewe. Wewe peke yako. Mimi nitanyamaza, lakini niondoke na hilo."

Wassila alimtazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Nikikupa sasa nitakuwa nimekununua ili unyamaze," alisema. "Huo si msamaha, mwanangu. Na mwingine sina. Nimeutafuta humu moyoni, sijauona. Kahawa imeshaingia kwa wanaume. Nenda kamzuie baba yako."

Rofaida alimchukia mwanamke yule. Alimchukia kwa kuwa alisema kweli, na kwa kuwa yeye Rofaida hakuhitaji kufanya chochote ili amshinde. Ilitosha asimame tu pale jikoni. Dakika mbili, na baba yake angesema yote kwa niaba yake, na Lakhdar, mtu anayeficha unyoya ili mgeni asiaibike, angelia na kumsamehe. Angerudi Annaba mwepesi. Aliyajua hayo yote kwa uwazi, kama anavyojua pembe za ulingo. Akafungua mlango.

*

Kilichoiokoa nyumba ile ni Sheikh Tayeb, ambaye hajawahi kufupisha dua. Alikuwa ameanza na kumsifu Mola, akapita kwa mitume mmoja mmoja, akaeleza udhaifu wa mwanadamu, na sasa ndiyo kwanza alikuwa anakaribia sababu ya ujio wao. Vikombe vitatu vilikuwa mezani vimejaa. Lakhdar, aliyezaliwa na kukulia katika desturi zile zile, alikuwa ameacha kuisikiliza dua. Alikuwa anavitazama vikombe.

"Wageni wangu," alisema, "mbona kahawa inapoa? Kama mna ombi, semeni. Kuna jambo mnanidai?"

Mesaud alivuta pumzi na kuweka mikono magotini. Ndipo Rofaida alipoingia, bila kubisha, chumbani ambamo msichana haingii.

"Baba," alisema, "kunywa kahawa."

Mesaud alimgeukia kwa ukali. Kisha akauona uso wake, na ukali ukamwisha. Uso ule aliujua. Ni ule aliokuwa nao akizidiwa pambano na kumkataza kocha asitupe taulo. Hakuelewa kilichotokea, lakini alielewa kwamba anaombwa, na kwamba binti yake hajawahi kumwomba kitu kwa namna ile. Aliinua kikombe na kukimaliza kwa funda moja.

"Lakini Mesaud," Sheikh Tayeb alianza, "sisi si tumekuja kwa ajili ya—"

"Kuhani, Sheikh. Kunywa."

Sheikh alimtazama baba, akamtazama binti, akanywa. Kahawa ikishanyweka hivyo ombi limekufa, hakuna wa kulirudia kesho wala mwakani. Mesaud alilijua hilo, na Rofaida alilijua, na Algiers ilikwenda nalo.

Lakhdar alishusha mabega. "Mmenitisha. Nikadhani kuna baya." Akamgeukia Rofaida, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na uhai. "Wewe ulikuwa unamjua binti yangu?"

"Kidogo, Ami."

"Mlisoma pamoja?"

"Kwenye michezo. Tulikutana Skikda."

"Skikda? Alikwenda lini Skikda?"

"Mashindano ya shule," Wassila alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika sinia la maandazi kwa mikono miwili. "Mbio. Ulikuwa kazini."

"Mbio," Lakhdar alirudia. Alilionja neno lile kama mtu aliyeletewa zawadi. "Alikuwa na kasi?"

"Aliongoza mwanzo wote," Rofaida alisema.

"Na mwisho?"

"Mwisho mimi nilimpita."

"Alinuna, bila shaka. Hapa nyumbani alikuwa hakubali kushindwa hata karata."

"Alicheka, Ami. Alisema mwakani atanilipa."

Lakhdar alijifunika uso kwa kilemba chake na kukaa hivyo. Alipoufunua, macho yalikuwa mekundu na mdomo unatabasamu. "Ndiye yeye. Huyo hasa. Unajua, mimi nimemwona mtoto yule nusu ya umri wake tu. Wiki nne nipo, wiki nne sipo. Ile nusu nyingine naiokota kwa watu, kidogo kidogo, kama hivi ulivyonipa. Keti, binti yangu, usisimame."

Rofaida hakuketi. Alihofu kwamba akiketi hatainuka.

"Basi nina ombi kwako," Lakhdar alisema. "Namwomba hivi kila aliyemjua, na leo nakuomba wewe. Kama Ibtisam alikukosea, kwa ulimi au kwa mkono, mimi baba yake nakuomba umsamehe, alale salama."

Mesaud aliinamia zulia. Ng'ambo ya ukumbi, kwenye mlango wa wanawake, Zulekha alikuwa amesimama na mtandio mdomoni. Lakhdar alisubiri, viganja vimefunguliwa, kama anavyosubiri mtu ambaye ameshaomba mara nyingi na hajanyimwa.

"Nimemsamehe," Rofaida alisema.

Lakhdar alitega sikio, akamwomba aseme tena.

"Nimemsamehe, Ami."

"Mungu akupe umri mrefu." Akamgeukia mkewe. "Umesikia, Wassila? Mtoto wa watu kaja kutoka Annaba kumsamehe Ibtisam. Njoo umshukuru."

Wassila aliweka sinia chini. Akavuka chumba mbele ya wanaume wote mpaka aliposimama Rofaida, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumbusu kipaji cha uso.

"Ahsante, mwanangu," alisema, na mumewe akamwambia aseme kwa sauti, wageni wote wasikie.